Kichwa cha Ubao: Kuujua Mti Usio na Jani

Mhadhara kwa walimu, mafundi na wanafunzi wa Karungu, ufuoni mwa Ziwa Victoria, Kenya

  Mwenyekiti amenipa saa moja, na kwa kuwa anaujua udhaifu wa watu wa kazi yangu, ameketi karibu na kengele.

Mezani hapa nimeweka vitu vitatu. Cha kwanza ni kipande cha ubao kilichotoka kwenye mashua kuukuu. Cha pili ni kipande cha makaa nilichokitoa guniani leo asubuhi, na vidole vyangu vinashuhudia. Cha tatu kilipaswa kuwa jiwe, lakini nimeleta picha yake tu. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 haimruhusu mtu kuokota kisukuku na kukitia mfukoni, na mimi sikuja Karungu kufundisha wizi.

Vyote vitatu vilikuwa mti. Hakuna chenye jani, ua, tunda wala gome. Swali langu la leo ni moja: ulikuwa mti gani?

Mtoto wa hapa akiuona mti umesimama hana shida. Huu ni ng'owo, mkuyu. Ule ni chwaa, mkwaju. Kule kuna otho, ambao Watanzania wengi huuita mjunju, na pale yago, mwegea, na matunda yake yananing'inia kama soseji. Wataalamu nao hufanya vivyo hivyo. Tangu Carl Linnaeus wa Sweden achapishe kitabu chake cha spishi za mimea mwaka 1753, ua ndilo limekuwa kitambulisho kikuu cha mmea, na jani likifuata nyuma yake. Lakini mti mwingi tunaokutana nao maishani hauna hata kimoja kati ya hivyo. Umekwisha kuwa mlango, mpini, kuni, nguzo ya shimo la dhahabu kule Macalder, au moshi chini ya samaki aitwaye mbuta. Hapo ndipo elimu ya anatomia ya mbao inapoanza kazi: pale ambapo mti umevuliwa kila kitu na kubaki na mwili wake wa ndani.

Wembe na kioo

Naomba fundi mmoja aje mbele. Ahsante. Fundi, ukiletewa ubao, unatazama wapi? Anasema anatazama ubavuni, kwenye michirizi. Ndivyo wengi wetu tunavyofanya, kwa kuwa ubavu ndio unaopendeza. Lakini ubavu ni kama uso wa mtu aliyejipaka poda. Mwenye kutaka kuujua mti hugeuza ubao na kutazama kichwa chake, pale msumeno ulipokata kukingama.

Msumeno huacha kichwa kimechakaa, hakionyeshi kitu. Basi chukua wembe mpya, lowesha mahali padogo kwa tone la maji, ukate tabaka jembamba mara moja bila kurudia. Kisha leta kioo cha kukuzia, kile kinachokuza mara 10, ukiweke karibu kabisa na jicho, halafu usogeze ubao kwenye kioo. Wengi hukosea hapo: hushika kioo mbali kama wanaosoma gazeti.

Utaona mji mzima. Matundu ya duara ni mirija iliyokuwa ikipandisha maji kutoka mizizini, imekatwa vichwa. Mistari myembamba inayotoka katikati ya mti kuelekea nje, kama miali ya jua, ndiyo tunayoiita hivyo hivyo, miali: njia za kupeleka na kuhifadhi chakula upande hadi upande. Sehemu nyeusi iliyobana ni nyuzi, ndizo nguvu za mti. Na yale madoa au mikanda ya rangi hafifu ni parenkima, seli laini za ghala. Kila mti umepanga vitu hivi vinne kwa namna yake, na mpangilio huo ndio tunaousoma.

Tuanze na mti usio na mirija kabisa. Msonobari na msanduku, miti ya mashamba ya serikali ya nyanda za juu, hupandisha maji kwa seli nyembamba zilizolala kama mabua kwenye mganda. Hutaona tundu hata moja la mrija. Ukiona vishimo vichache vyenye utomvu wa kunata, huo ni msonobari. Msanduku hauna. Kwa dakika moja umekwisha kuigawa miti ya dunia katika makundi mawili makubwa.

Sasa mgrevilea, mti wa Australia ambao leo umejaa mipakani mwa mashamba ya Kenya. Miali yake ni mipana, unaiona bila kioo. Kati ya mwali na mwali parenkima imening'inia kwa mikunjo, kama nyavu zilizoanikwa kwenye miti kule ufuoni. Mkiuona mara moja hamtausahau. Mkaratusi nao una tabia ya watu wasiopenda jirani: kila tundu liko peke yake, na matundu hayo yamejipanga kwa mistari ya mshazari.

Ng'owo ni rahisi kuliko yote. Mikanda mipana ya rangi hafifu inapishana na mikanda ya nyuzi, mweupe kwa mweusi, kama kitambaa cha milia. Otho una mbao ya manjano iliyofifia, na miali minene inayoonekana kwa macho. Ober, yaani Albizia coriaria, una matundu makubwa, kila moja limezungukwa na parenkima yenye umbo la jicho au la ndege aliyekunjua mabawa. Mabawa hayo ni desturi ya miti mingi ya ukoo wa kunde, ukiwemo mkwaju. Mwanafunzi akiisha kujua hilo, hufurahi na kusema: nikiona mabawa, nimeuona ukoo wa kunde.

Hapana. Mvule una mabawa pia, na mvule si wa ukoo wa kunde. Ni ndugu wa mkuyu. Ndiyo maana hakimu wa mbao hahukumu kwa shahidi mmoja. Mvule una ushahidi mwingine: mirija yake mingi imezibwa ndani na vifuko vyembamba vinavyometameta, na ndani ya gogo lake mara nyingine hujengeka jiwe la chokaa. Fundi aliyewahi kung'okewa na meno ya msumeno katikati ya gogo la mvule hahitaji mhadhara wangu. Undugu wake na mkuyu ulionekana wazi mti ulipokuwa hai, katika utomvu mweupe kama maziwa. Katika mbao undugu huo umejificha, na huhitaji hadubini.

Niungame jambo. Miaka ya nyuma nilinunua mbao nne kwa bei ya mvule kutoka kwa mwuzaji ambaye simtaji. Rangi ilikuwa ya dhahabu iliyokolea, uzito mzuri, na bei ya kumfanya mtu aamini. Kioo nilikiacha nyumbani, maana niliona haya kukitoa mbele ya watu sokoni. Nilipofika na kukata kichwa kwa wembe, nikaona matundu yaliyojitenga, yamepangika kwa mshazari. Mkaratusi, umepakwa rangi. Mwalimu wa mbao amelipia mbao asizozijua! Tangu siku hiyo kioo hiki kimefungwa kwenye ufunguo wa nyumba, na haya nimeziacha sokoni.

Jina linapofika, na linapokwama

Msidhani elimu hii ni ya kubahatisha. Chama cha kimataifa cha wana-anatomia wa mbao, kilichoanzishwa mwaka 1931, kilichapisha mwaka 1989 orodha ya sifa 163 za kutambulisha miti yenye mirija, kila sifa na nambari yake. Mtu wa Nairobi na mtu wa Brazil wakiandika nambari ileile, wamesema jambo lilelile. Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, kinatunza hazina ya picha na maelezo ya sifa hizo, iitwayo InsideWood, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuitafutia mti wake bila malipo.

Lakini ninawiwa nanyi kusema pia kikomo cha elimu hii. Mbao mara nyingi hutufikisha kwenye jenasi, haitufikishi kwenye spishi. Itakuambia huu ni mmoja wa kina Albizia. Kukuambia ni ober au ni ndugu yake, inaweza kushindwa. Ni kama kumtambua mtu kwa sauti gizani: unajua ametoka boma gani, hujui ni mkubwa au mdogo wake.

Tena majina yenyewe hayatulii. Migunga yetu iliitwa Acacia kwa vizazi. Mwaka 2005, katika mkutano wa wana-botania huko Vienna, jina hilo liliachiwa miti ya Australia, na uamuzi ukabaki hivyo huko Melbourne mwaka 2011. Migunga ya Afrika ikawa Vachellia na Senegalia. Mti haukubadilika hata unyuzi mmoja. Otho nao umehamishwa nyumba: uliwahi kuwekwa katika ukoo wa Simaroubaceae, ukapewa ukoo wake wenyewe, na leo umo katika Zygophyllaceae. Katika kesi za namna hiyo, anatomia huitwa kutoa ushahidi pamoja na ua, chavua na DNA. Haikai peke yake kizimbani.

Na usahihi wa jina una bei. Jenasi yote ya Dalbergia, ambamo mna mpingo wetu, iliwekwa chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa, mkataba wa CITES, kuanzia Januari 2017. Msandali wa Afrika Mashariki ulitangulia mwaka 2013. Ofisa wa bandari haletewi jani la mpingo. Analetewa kontena la vipande vyeusi, na ubavu wa mbao ukisema uongo, kichwa chake ndicho kitakachosema kweli. Hata mahakamani mbao imewahi kusimama shahidi. Mwaka 1935 huko New Jersey, katika kesi ya kutekwa na kuuawa kwa mtoto wa rubani Charles Lindbergh, Arthur Koehler wa maabara ya mazao ya misitu ya Madison alieleza ngazi iliyotumika ilitokana na mbao zipi na imepitia randa ya namna gani. Ngazi haikuwa na mdomo, lakini ilieleza.

Moto hauli mpangilio

Tuje kwenye makaa. Najua mmoja wenu amekwisha kusema moyoni: hiki kimeungua, kimebaki nini?

Kimebaki karibu kila kitu. Mti ukichomwa kwenye tanuri bila hewa ya kutosha, hupoteza maji na gesi, husinyaa kidogo, lakini kuta za seli zake hugeuka kaboni mahali pale pale zilipokuwa. Tena makaa ni rahisi kuliko mbao, maana hayahitaji wembe. Nakivunja kipande hiki hivi kwa mikono, kwa kukingama. Mmesikia mlio? Sehemu iliyovunjika ni safi, inang'aa. Pitisheni na kioo. Matundu yanaonekana kama yametobolewa kwa sindano.

Jambo hili si jipya. Robert Hooke, Mwingereza aliyetupa neno la seli, alichapisha mwaka 1665 kitabu cha yale aliyoyaona kwa hadubini, na ndani yake aliandika juu ya makaa, na juu ya mti uliogeuka jiwe. Kwa hiyo mpangilio wa meza yangu leo nimeuiba kwa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 300 iliyopita, na hawezi kunishtaki.

Kwa nini jambo hili lituhusu hapa? Karungu si nchi ya misitu. Mvua yake ni haba kuliko ya milima ya Kisii, na kuni ni hesabu ya kila siku. Mbuta alipoenea ziwani, samaki mnene wa mafuta asiyekubali kuanikwa juani kama omena, akina mama wakalazimika kumkausha kwa moshi, na moshi ni mti. Kisha yapo magunia yanayopanda magari kwenda mijini. Mtu akiniuliza ni miti gani inayokwisha kati ya Sori na milima ya Gwassi, sitamjibu kwa kutazama miti iliyosimama. Iliyosimama ni ile iliyobaki. Nitafungua gunia, nivunje vipande mia, nivitazame kimoja kimoja. Gunia ni sensa ya miti iliyoondoka.

Wanaakiolojia hufanya hivyo kwenye mafiga ya kale. Kina mama mliopo hapa mmekuwa mkifanya bila kioo: mnajua kuni ipi hutoa moshi wa kuwasha macho, ipi hutulia usiku kucha, ipi huruka cheche. Hiyo ni anatomia iliyosomwa kwa pua na macho. Mti wenye nyuzi nene zilizobanana huwaka polepole. Wenye mikanda mingi ya seli laini, kama ng'owo, hulika upesi. Sayansi haikuja kuwasahihisha. Imekuja kueleza mnachokijua.

Jiwe

Sasa picha. Ninyi mnaoishi hapa huenda mmechoka kusikia habari za mifupa, lakini naomba subira.

Mwaka 1909 mtafuta madini G. R. Chesnaye aliona mifupa ya mnyama mkubwa katika makorongo ya Karungu. Ofisa mmoja wa serikali ya kikoloni, D. B. Pigott, aliyefuatilia habari hiyo, aliuawa na mamba katika ziwa hili. Mwaka 1911 C. W. Andrews wa London akamtangaza mnyama yule, jamaa wa mbali wa tembo mwenye pembe zilizopinda chini kutoka kwenye taya, akamwita Deinotherium hobleyi kwa heshima ya ofisa C. W. Hobley. Mwaka huohuo jumba la makumbusho la London likamtuma Felix Oswald, akachimba hapa na kupima miamba. Kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1915 kinaitaja nchi hii kwa ugonjwa wa malale, kwa kuwa ndivyo ilivyojulikana wakati ule. Kwa hiyo Karungu ilitangulia. Kisiwa cha Rusinga kilikuja kupata sifa baadaye, hasa Mary Leakey alipopata fuvu la nyani wa kale aliyeitwa Proconsul mwaka 1948.

Zama za wanyama hao ziwa halikuwapo. Ziwa Victoria ni mtoto, lina umri wa miaka kama 400,000. Miamba ya Rusinga na ya Karungu ina umri wa takriban miaka milioni 18, na kilichotawala hapa kilikuwa volkano ya Kisingiri, ambayo mabaki yake ndiyo milima mnayoiona kaskazini. Ilitema jivu juu ya mito, wanyama na miti.

Mti ukifunikwa na jivu, huweza kuwa jiwe kwa njia mbili. Ya kwanza: maji yenye madini hupenya ndani ya mirija na seli, madini yakaganda humo kabla mbao haijaoza. Hapo kila tundu na kila mwali hubaki. Mtaalamu hukata kipande, hukisaga juu ya kioo hadi kibaki na unene wa kama milimita 0.03, mwanga upenye, kisha hukisoma kama nilivyosoma ubao wa mashua. Marion Bamford wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand amesoma mbao za mawe kwa njia hiyo huko Olduvai na kwingineko Afrika. Njia ya pili: mbao huoza yote, ikaacha shimo lenye umbo la kisiki, kisha madini yakajaza shimo. Umbo limebaki, seli zimekwenda.

Picha hii ni ya namna ya pili. Ni kisiki cha Rusinga, upande wa Homa Bay. Mwaka 2014 watafiti walieleza mahali ambapo visiki vya namna hii vilikuwa vimesimama palepale vilipoota, pamoja na mizizi na majani, kwenye tabaka lililotoa mabaki ya nyani mkubwa ambaye tangu mwaka 2015 anaitwa Ekembo, jina lililotolewa katika Kisuba. Visiki havikuwa na seli za kusomwa. Basi walifanya nini? Walipima unene wa visiki na umbali kati ya kisiki na kisiki, wakasoma majani na udongo, wakahitimisha kwamba pale palikuwa na msitu uliofungamana juu, wa mahali penye joto na mvua nyingi. Wanajua msitu ulikuwa wa namna gani. Visiki vyenyewe havikuwaambia ni wa miti gani.

Majina yalitoka kwingine. Mwaka 1957 Kathleen Chesters alieleza matunda na mbegu za mawe kutoka Rusinga, na kati yake kuna jamaa wa miti ambayo bado ipo Afrika: kina Celtis, kina Antrocaryon, kina Sterculia. Mbegu ngumu ilihifadhi kile ambacho kisiki kilikipoteza.

Na huku kwetu, Karungu? Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulisoma udongo wa kale wa makorongo haya, ukakuta nchi ya wazi, yenye mabaki machache sana ya nyani. Fikirini hilo. Kati ya Rusinga na Karungu si mbali. Mashua ya injini haichukui siku. Kule msitu na nyani wengi, huku uwazi na nyani haba, katika zama zinazokaribiana. Miti ndiyo iliyoamua nani aishi wapi. Ndiyo maana kipande kimoja cha mbao ya jiwe yenye seli zake, kikipatikana katika tabaka la Karungu, kitakuwa na thamani isiyo ya fedha. Hata kisipotupa jina, kitatupa habari ya mvua: miti ya nchi kavu kwa kawaida huwa na mirija mingi myembamba, ya nchi ya maji mengi huwa na michache mipana. Mrija mpana hupitisha maji mengi, lakini kiangazi kikikaza, hewa huuziba upesi. Mti huchagua kati ya haraka na usalama, na uamuzi wake hubaki umeandikwa.

Mtu mmoja ataniuliza juu ya pete za mwaka. Huko Ulaya, mti hulala baridi ukaamka, ukaacha pete moja. Hapa tuna masika na vuli. Mti unaweza kuacha alama mbili kwa mwaka, au moja, au usiache kabisa. Anayehesabu pete za ober kama anayehesabu miaka ya mtu atamzeesha kijana.

Kinachokosekana

Nimefika kwenye jambo lililonileta. Katika kazi hizi zote tatu, ubao, makaa na jiwe, siri ni moja: hakuna anayetambua kitu peke yake. Tunalinganisha. Nimeujua mkaratusi wangu wa aibu kwa kuwa nimewahi kuuona mkaratusi wa kweli wenye jina. Anayesoma jiwe la miaka milioni 18 hulilinganisha na mbao ya mti ulio hai. Maabara ya Madison imetengeneza kifaa kiitwacho XyloTron, kinachopiga picha ya kichwa cha ubao na kompyuta ikapendekeza jina, na kimejaribiwa kwa mbao za Ghana. Lakini kompyuta hujua tu mbao ilizofundishwa. Isiyoletewa siala, mti wetu wa hapa, haitasema siala. Itasema jina la mti mwingine, tena kwa ujasiri.

Dunia ina maktaba za mbao. Jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lina makumi ya maelfu ya vipande, vingi vikitoka Kongo. Kenya tuna taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, tangu mwaka 1986, na Makumbusho ya Taifa Nairobi yana hazina ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki. Hizo ni nguzo zetu. Lakini mti wa kichaka cha hapa Nyatike usio na soko la mbao, nani atauwekea kipande? Mfanyabiashara hautaki, na mwanafunzi hajui kama unahitajika. Mnaujua ninyi tu, na mnaujua kwa jina la Dholuo au la Kisuba, na jina hilo limo vichwani mwa wazee.

Basi ombi langu ni dogo. Kila shule ya hapa iwe na sanduku la mbao. Kila kipande kiwe na urefu wa shibiri moja na upana wa vidole vinne, kichwa kimoja kimelainishwa kwa wembe. Msikate mti kwa ajili yake. Chukueni tawi nene lililoanguka, au masalio ya karakana. Juu yake mwandike jina la kienyeji na aliyelitaja, jina la Kiswahili kama lipo, mahali, na tarehe. Kisha, na hili ndilo wengi husahau, tafuteni jani na ua la mti uleule, mlikaushe kati ya magazeti, lipelekwe Nairobi lithibitishwe jina lake la kisayansi. Kipande cha mbao kisicho na jani la ushahidi ni uvumi tu, hata kiwe kizuri namna gani.

Vipande 30 vingetosha kuanza: siala, ober, otho, chwaa, ng'owo, yago, na migunga yote mnayoweza kuitofautisha. Mwalimu wa biolojia atapata somo, fundi atapata mizani ya kumpima mwuzaji wa mbao, na siku mtafiti akija na jiwe lenye seli kutoka korongo la Karungu, ataanzia hapa kulinganisha, kabla ya kuomba ruhusa Ulaya.

Nchi hii imetoa mifupa tangu mwaka 1909, na majina ya wanyama wake yamo katika vitabu vya dunia. Miti yake hai bado haina sanduku. Wembe ni shilingi chache, na kioo kimoja kinatosha darasa zima. Fundi, kesho ukipasua siala, kile kipande cha mwisho usikitupe motoni. Kiandike jina, ukipeleke shuleni.

 Mwenyekiti, kengele ni yako.